Mlango wa Dharura Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Wajukuu zangu, msihangaike kuitafuta nchi ya Shwari kwenye ramani. Mpima alikuja kweli, akapima mito na vilima vyetu vyote, akachora ramani nzuri yenye rangi ya kijani na ya udongo. Lakini ramani hiyo mpaka leo imefunikwa kitambaa ukutani kwa waziri, inangoja kuzinduliwa. Kwa hiyo hatujaonekana. Na atakayesema Shwari inafanana na nchi anayoijua yeye, hayo ni macho yake. Mimi nasimulia ya kwetu tu.

Kwetu tuna desturi moja nzuri, inayotutenga na mataifa yasiyo na adabu. Kitu kipya hakiguswi mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kiwe daraja, kiwe choo cha soko, kiwe bomba la maji. Daraja la Mto Kiroboto lilipokwisha kujengwa, tuliendelea kuvuka kwa kukunja nguo, maji yakitufika kiunoni, chini ya kivuli cha daraja lenyewe. Na kivuli kile, nasema kweli, kilitusaidia sana wakati wa jua. Mama mmoja wa Mbugani aliwahi kuteka maji kwenye bomba ambalo halijazinduliwa. Wakamwamuru ayarudishe. Akasema ameshayapikia maharage. Wakachukua maharage.

Msitucheke. Mtoto anayedokoa nyama kabla mgeni hajanawa, hata ninyi mnampiga kofi la mkono. Serikali yetu imeichukua tu adabu ya nyumbani ikaifanya sheria.

*

Wakati huo nilikuwa naishi Makao ya Wazee Tulizana. Ilikuwa nyumba ndefu kama behewa, korido katikati, vyumba huku na huku, dari la mbao laini lililopakwa rangi ya mafuta. Mlango ulikuwa mmoja tu, mbele, ubavuni mwa jiko. Madirisha yote yalikuwa na nondo nene kama kidole gumba, kwa ajili ya wezi. Sikuwahi kusikia mwizi aliyekamatwa anakimbia na mzee begani, lakini ndiyo faida ya nondo.

Chumba cha mwisho kabisa, mbali na mlango, alikaa mwenzangu Bi. Chausiku. Miguu yake ilikuwa imevimba na kukataa kazi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Meneja wetu, Bwana Ndomba, alimweka kule mwisho kwa sababu kiti kile kilikuwa kinaharibu sura ya mapokezi. Bi. Chausiku hakuwa mwoga wa kufa. Alikuwa mwoga wa moto.

"Nimekaanga vitumbua maisha yangu yote, mwenzangu," aliniambia huku akijifunika kanga hata kwenye joto. "Najua mafuta yakishika yanavyofanya. Siku jiko lile likiwaka, ninyi mtatoka. Mimi nitakuwa kitumbua."

"Usiseme hivyo. Nitakusukuma."

"Utanisukumia wapi? Kwenye jiko?"

Njia ya kwenda nje ilipita jikoni, hakuna nyingine.

Basi ikatokea kwamba bweni la chuo kimoja, upande wa pili wa mji, lilishika moto mchana. Wanafunzi wote walikuwa uwanjani kwenye mpira, hakuumia hata mmoja, na habari ingeishia hapo. Lakini balozi wa nchi fulani alikuwa anapita barabarani, akateremsha kioo cha gari, akauliza, "Moshi ule ni wa nini?"

Serikali haikulala. Hapo ndipo walipotukumbuka.

*

Aliyetumwa kwetu ni Dakta Injinia Ruhinda, wa Idara ya Kutathmini Hatari, Wizara ya Mambo Yasiyotarajiwa. Alikuja na magari mawili. La kwanza lilimbeba yeye, la pili lilibeba koti lake la kuzuia moto. Alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya mtu anayesoma hata asipokuwa na karatasi.

"Mtungi wa kuzimia moto mnao?" akamuuliza Bwana Ndomba.

"Tunao, Dakta. Nimeufungia kabatini, ofisini, watu wasije wakautumia."

"Vizuri. Na ufunguo wa kabati?"

"Uko nyumbani kwangu, kijijini kwa wazazi."

"Vizuri sana. Hiyo ni mali ya umma."

Akatazama kengele ya hatari. Ulimi wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa siku moja ililizwa na upepo tukashtuka. Dakta Injinia akasifu. Alisema mshtuko umeua wazee wengi kuliko moto, na kitambaa kile kikazwe.

Kisha akaenda mpaka chumba cha mwisho. Mimi nilikuwa mle ndani namsuka Bi. Chausiku mabutu.

"Bibi," akasema, "moto ukitokea hapa utafanya nini?"

"Nitaungua, mwanangu."

Dakta Injinia akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia Bwana Ndomba. "Mkazi huyu ana mpango. Wengi niliowahoji hawana."

Jioni tulikusanywa ukumbini tupewe matokeo. Akatueleza kwamba hatari ziko ngazi tatu. Hatari ndogo ni mtu kuungua. Hatari ya kati ni watu kusikia kwamba mtu ameungua. Hatari kubwa ni balozi kuuliza.

Mzee Kibwana, aliyekuwa dereva wa treni zamani, na ambaye sikio lake la kulia husikia anachotaka tu, akanyoosha fimbo. "Na sisi tuko ngazi ipi?"

"Ninyi si hatari, mzee wangu. Ninyi ni mazingira ya hatari."

"Ahaa," akasema Mzee Kibwana, akakaa.

"Tathmini shirikishi," akaendelea Dakta Injinia, "imebaini kwamba, endapo moto utajitokeza, wakazi watakabiliwa na changamoto ya kutokuwa nje. Kwa msingi huo, serikali yenu sikivu itawajengea mlango wa dharura."

Nilimwona Bi. Chausiku anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mlango ungetobolewa kwenye ukuta wa mwisho wa korido, hatua chache kutoka kitandani kwake.

*

Na mlango ukajengwa, wajukuu zangu, tena upesi. Sijapata kuona mlango mzuri vile. Ulikuwa mpana wa kupita kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma na mtu wa kumlaumu anayesukuma. Ulipakwa kijani kinachong'aa, ukawekewa kitasa cha shaba na njia ya mteremko kwa nje. Mafundi walipoondoka, Bwana Ndomba akaupiga komeo kwa nje, akatia kufuli, akavuta utepe mwekundu kutoka mwimo hadi mwimo.

"Sasa bado mgeni rasmi tu," akasema.

Mkuu wa wilaya aliombwa kwanza. Akajibu kwamba mlango ni wa moto, na moto uko juu ya cheo chake. Naibu waziri akakubali, lakini aliposikia kitasa ni cha shaba akaogopa kuonekana anamrukia waziri. Waziri naye akasema mlango mmoja ni mdogo kwake, basi wauunganishe na kitu kingine, wakauunganisha na uzinduzi wa mti. Kila jina lilipobadilika, jiwe la ukumbusho lilisuguliwa na kuchongwa upya, mpaka likawa jembamba kama chapati. Mvua za vuli zikaja zikaenda. Utepe ukapauka, ukabadilishwa. Bi. Chausiku akawa anakitazama kitasa kile kwa ndani kama mtoto anavyotazama andazi la jirani.

Mtu asije akashawishika kuutumia, serikali ilituletea mlinzi. Jina lake Mabula, mtu wa milimani, mrefu, mpole, mwenye ufunguo wa kufuli shingoni. Bi. Chausiku ni mtu wa bondeni. Na kwetu, watu wa milimani na watu wa bondeni ni watani tangu mababu. Mtani akikuchukulia kitu huendi popote kushtaki. Hata mahakimu wetu, wanaosikiliza mpaka kesi ya mtu aliyepiga chafya vibaya, hawapokei kesi ya mtani. Unacheka, unangoja zamu yako.

Kwa hiyo wakawa wanazungumza mchana kutwa kupitia dirisha, nondo katikati.

"We mla mawe wa milimani! Moto ukija utamuuliza kadi ya mwaliko?"

"Nitamuuliza, mtani. Na wewe uliye mzito vile utamzima kwa kumkalia."

"Nipe mkate huo."

"Mkate wangu wa zamu huu!"

Bi. Chausiku alikuwa ameshapitisha mkono kwenye nondo, mkate umekwenda. Mabula akacheka, akachukua kikombe cha chai ya mtani wake kilichokuwa kinapoa dirishani, akanywa mpaka majani. Siku moja nilimsikia Bi. Chausiku ameshusha sauti, hana utani tena.

"Mabula. Hivi kweli hutafungua?"

Mabula akaushika ufunguo shingoni. Kisha akasema, "Nina watoto, mtani. Nikifungua bila mgeni, kazi sina."

*

Hatimaye waziri akapatikana. Siku ile ya uzinduzi turubai lilifungwa uwanjani, viti vikavalishwa vitambaa, kwaya ikaja, bendi ya tarumbeta ikaja, spika zikapangwa ukubwa wa makabati. Bwana Ndomba aliagiza pilau ipikwe mbele, chini ya upenu wa mlango wetu, ili mheshimiwa akishuka garini pua yake ipokelewe kabla ya mkono. Masufuria yalikuwa makubwa, kuni zimesokomezwa mpaka ndimi za moto zikawa zinalamba vifuniko.

Sisi wazee hatukuwa uwanjani. Dakta Injinia alikuwa ametengeneza kitu alichokiita zoezi la uokoaji. Tungekaa ndani, na utepe ukishakatwa tungetoka kwa mlango wa dharura, tukiimba, mheshimiwa akituhesabu kwa macho na kutupungia. Na ili mzee yeyote asije akakosea akatoka kwa mlango wa kawaida akaharibu picha, mlango wa kawaida ulifungwa kwa ufunguo.

Tukakaa koridoni, tumevaa sare za kitenge. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Mheshimiwa alikuwa njiani, kila baada ya wimbo alikuwa njiani. Kwaya iliishiwa nyimbo ikaanza zile za misiba.

Mimi ndiye niliyeinua uso nikaona rangi ya dari, kule upande wa mbele, inafura mapovu kama uji. Kisha moshi ukapenya, mweusi, wenye harufu ya mdalasini na mafuta. Upenu ulikuwa umeshika.

"Mwenzangu," Bi. Chausiku akasema polepole, "pilau inaungua, au ni sisi?"

Watu wakasukumana kurudi nyuma, mbali na jiko, mpaka korido yote ikabanana kwenye mlango wa kijani. Tukapiga kelele. Tukagonga. Na kwa vile kipaza sauti kilikuwa wazi, tukasikia kila neno la nje.

"Ndugu wananchi," mshereheshaji akasema, "mnawasikia wazee wetu? Hizo ni kelele za furaha! Wapigieni makofi!"

Makofi yakapigwa.

Kisha sauti ya Bwana Ndomba. "Dakta, lile paa linawaka."

"Nimeona. Hatari imepanda."

"Tufungue mlango wa mbele?"

"Mbele ndiko kunakowaka, bwana."

"Basi wa dharura."

"Kwa mamlaka ipi? Haujazinduliwa. Kisheria pale ni ukuta. Wewe unaweza kutoa watu ukutani?"

"Basi ukate wewe utepe, Dakta. Una cheo."

"Mimi natathmini, sikati. Mpigie mheshimiwa umuulize kama anaweza kumkaimisha mtu."

"Simu yake inatumika."

"Basi subira. Mambo ya moto hayataki haraka."

Mzee Kibwana alikuwa amekaa chini, anakohoa, sikio lake la kulia safari hii limesikia kila kitu. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka mabegani. Niliinama juu ya kiti cha Bi. Chausiku, nikaona midomo yake inatetemeka. Nikadhani anasali. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

"Mabula!" akapaza sauti. Sijui aliitoa wapi, ile sauti ya kuuzia vitumbua stendi. "We Mabula mla mawe! Upo?"

"Nipo, mtani." Sauti yake ilikuwa karibu, ng'ambo tu ya ubao, na ilikuwa inalia.

"Mimi mtani wako wa bondeni nimekuja kukuibia. Nakuibia mlango! Na utepe wake! Nenda kanishtaki!"

Hata tarumbeta zilinyamaza. Kisha tukamsikia Mabula anamwambia mkubwa wake, kwa heshima yote, "Bwana Meneja, huyu ni mtani wangu. Ameshachukua. Mimi sina la kufanya."

Kufuli likalia. Komeo likalia. Nikakisukuma kile kiti kwa nguvu zangu zote na za walio nyuma yangu, mlango ukafunguka pwaa, mwanga ukatupiga usoni, na utepe ukamshika Bi. Chausiku kifuani, ukavutika, ukakatika. Bendi ilikuwa imeagizwa ipige mara tu utepe ukikatika. Ikapiga. Tukateremka na tarumbeta, tunakohoa, masizi mpaka kwenye meno, Bi. Chausiku mbele, utepe mwekundu umemkaa shingoni. Wa mwisho kutoka alikuwa Mzee Kibwana, amebebwa na Mabula mgongoni. Nyuma yao dari likaanguka.

*

Waziri alifika moto ulipokwisha kula kila kitu na kushiba. Paa halikuwepo, kuta zilikuwa vipande. Ila mlango wa kijani ulikuwa umesimama peke yake na miimo yake, rangi imechubuka kidogo tu. Waziri akauzunguka akausifu.

"Huu," akasema kwenye kipaza sauti, "ndio ushahidi kwamba serikali inajenga vitu imara."

Kisha akauliza utepe uko wapi. Watu wakatazama chini. Bwana Ndomba akamvua Bi. Chausiku ule utepe shingoni, akaufunga fundo pale ulipokatikia, akaurudisha mlangoni. Dakta Injinia akatujia tulipokuwa tumekaa chini tunakunywa maji.

"Wazee wangu, tunaomba mrudi ndani kidogo."

"Ndani ya nini?" akauliza Mzee Kibwana.

"Upande wa pili wa mlango. Mheshimiwa akikata, mtoke. Bila hivyo itaonekana hamkuokolewa."

Basi tukainuka. Msituulize kwa nini. Mtu akiita "wazee wangu" kwa sauti ile, magoti yanainuka yenyewe. Tukakanyaga majivu ya moto, tukazunguka mahali palipokuwa na ukuta, tukasimama kwenye ile iliyokuwa korido yetu, jua linatuwaka utosini. Nilipogeuka kumsukuma mwenzangu, hakuwepo. Alikuwa amekwamisha magurudumu yake kwa jiwe, kulekule nje.

"Bibi, njoo uokolewe!" Dakta Injinia akambembeleza.

"Mimi nimeshatoka, mwanangu."

"Lakini ulitoka kabla."

"Ndiyo. Kabla sijaungua."

Waziri akakata utepe. Tukatoka, tukiimba, akatupungia. Taarifa ikatangazwa redioni siku ileile. Wazee wote waliotoka kwa mlango uliozinduliwa wameokolewa. Mkazi mmoja, Bi. Chausiku, hakutoka, na kwa masikitiko makubwa serikali inatangaza kifo chake. Waziri mwenyewe alikuja kutoa rambirambi. Akamkuta marehemu kwenye kiti, anakula pilau iliyobanduliwa chini ya sufuria.

"Poleni sana kwa msiba," waziri akatwambia.

"Tumeshapoa, baba," marehemu akajibu huku anatafuna. "Ukoko huu mtamu, utaonja?"

*

Sasa tuko Makao mapya. Ni mazuri kuliko yale. Nondo zimeongezwa unene, na milango ya dharura iko miwili, yote ya kijani, kila mmoja na utepe wake na mlinzi wake. Mabula hakufukuzwa, maana hakuna sheria ya kumshika. Walimhamishia kwenye kulinda lile daraja la Mto Kiroboto.

Bi. Chausiku hakupewa chumba. Bwana Ndomba alitueleza vizuri tu kwamba serikali haiwezi kumpa kitanda mtu aliyekwisha kuzikwa redioni. Kumfukuza nako ameshindwa, kwa kuwa marehemu hafukuzwi. Kwa hiyo analala kibarazani, nje, karibu na dirisha langu, kwenye mkeka mpana niliomsukia mwenyewe. Upepo unampiga, anawasonya mbu, na asubuhi nampitishia chai kwenye nondo. Hajifuniki tena kanga kwenye joto.

Jua likielekea kuzama, Bwana Ndomba huja na funguo zake. Hutufungia mmoja mmoja, chumba kwa chumba, halafu hufunga mlango wa mbele, halafu huja kutikisa kufuli za milango ya dharura kuhakikisha hakuna dharura. Akipita kibarazani hufanya kama haoni mtu.

Jana, baada ya hatua zake kwisha, nilisogea dirishani.

"Mwenzangu," nikamwita polepole. "Huko ahera kuna nafasi?"

Bi. Chausiku alisogea pembeni, akanipigia mkeka kwa kiganja, pale patupu.